Dada na mpangaji wa chumba cha mtoto

We bwana, dada yangu kanimaliza leo. Kanimaliza!

Si unajua ana mimba ya miezi saba, na kile chumba cha pili wamempangisha yule muuguzi, maana mishahara yao miwili haifui dafu kwa mkopo wa nyumba?

Basi asubuhi kajifunga kibwebwe. "Leo namwambia ahame. Mwanangu hatalala juu ya friji!" Kaenda kugonga mlango.

Hata hajafungua mdomo, muuguzi kamtia bahasha mkononi. "Mama kijacho, kodi ya miezi sita mbele hiyo. Mwenzio nimeshapazoea hapa."

Miezi sita!

Na benki walishampigia mapema, marejesho ya miezi miwili hayajaingia. Dada kaitazama ile bahasha, kashika kiuno. Unajua kasema nini? "Ahsante, dadangu." AHSANTE!

Shemeji, seremala wa watu, juzi tu kamaliza kitanda cha mtoto. Kamuuliza mkewe, "Eh, anahama lini?"

Dada kamwonyesha bahasha.

Shemeji kachukua futi, kaenda kupima korido.