Oresti na Ardhi Inayochemka

Hifadhini Manyara

Mdogo wangu Apolonia,

Habari za Laela? Ulezi mmemaliza kuvuna? Kikohozi chako kimekuachia? Mimi mzima, tena nimenenepa, utanicheka ukiniona.

Najua mnangoja nirudi na Oresti. Kaka alinituma nimtoe mwanangu huku, maana mlisikia mlima unatema moto na ardhi inachemka. Mlima wenyewe uko mbali, kwa Wamasai. Lakini kuchemka, Apolonia, ni kweli! Maji yanabubujika chini ya mawe kama yako jikoni, na hakuna aliyekoka moto. Yananuka mayai viza.

Sasa sikia. Juzi Oresti alikuwa anatembeza wageni, Mzungu na mkewe, akanichukua na mimi. Nguo zake za kazi zimepigwa pasi, viatu vinang'aa, ungemwona! Nikamwambia yule mama wa Kizungu, "Huyu nimemzaa mimi." Hakuelewa. Nikarudia.

Tukafika mahali peupe, nyasi zimekauka, mvuke unapanda. Nikajisemea, mbona haya ni kama matuta yetu? Si unajua tuta la Ufipa, majani yakishaoza ndani, ukilipasua asubuhi linavyofuka. Basi mimi mkulima nikatangulia, niwaonyeshe wageni tunavyotia mkono kujua kama limeiva.

"Mama! Simama hapo hapo!"

Kwa Kifipa, na kwa ukali ambao hata marehemu baba yake hakuwa nao.

"Oresti, unamkemea nani?"

"Wewe, mama. Rudi, kanyaga pale pale ulipokanyaga."

Haki ya Mungu niliona haya mbele za wageni. Lakini nilirudi. Akachukua fimbo yake, akachoma pale nilipotaka kuweka mguu. Ikazama karibu yote. Ilipotoka ilikuwa na tope linalotoa mvuke. Kumbe juu ni ganda tu, jembamba kama utando wa uji!

"Nisamehe, mama," akasema. "Hapa nikimbembeleza mtu, ataungua."

Jioni ile ndiyo niliyokuwa nimepanga kumwambia afunge mizigo. Nikala ugali wake, mizigo sikuitaja.

Mwambie kaka hivi: kama mwanangu ameweza kunizuia mimi, na mdomo wangu huu mnaoujua, nani atamshinda? Akiondoka, wageni hawa nani atawaambia simama? Ile eka aliyomtengea kijijini ampe mwanao Deusi, ailime. Mimi nakuja peke yangu.

Msalimie kaka, mama mkwe wako, na balozi wetu wa nyumba kumi. Wanawake wenzangu wa shamba la ujamaa waambie nina mtoto anayewaamrisha Wazungu, nao wanatii.

Ile fimbo nimemwomba, nitakuja nayo. Atakayesema naongeza chumvi, nitamwonyesha tope lilipofika.

Dada yako akupendaye,
Mama Oresti