Kungwi Karudi Kuwa Mwali

Mikumi, Jumanne

Na mimi ndiye kungwi. Hicho ndicho kinachonikera. Wasichana wangapi nimewafunda kuhusu damu, halafu yangu iliporudi, miaka saba tangu ikome, nikachekelea. Nikadhani vile vidonge vya kutuliza joto la ukomo wa hedhi, nilivyojinunulia bila kumwuliza daktari, vimenirudishia usichana. Hata khanga mpya nikanunua, bibi mzima.

Leo, damu ikiwa haijakoma, nimekwenda hospitali Kilosa. Nesi ni binti niliyemfunda mwenyewe. Akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba, kisha akanifunda yeye.

"Bibi, vidonge hivyo ni homoni. Ukizimeza hizo peke yake, bila homoni ya pili ya kuzituliza, zinauchochea ukuta wa kizazi ukue bila kupumzika, na mwisho unaweza kugeuka saratani. Mbona hukusema mapema?"

Nikamjibu kwamba damu ni siri.

"Ulitufundisha tumwambie kungwi wetu," akasema. "Wewe ulimwambia nani?"

Nikainamisha kichwa kama mwali.

Wamekata kinyama kidogo wakakipime. Majibu wiki ijayo.

Usichana nimerudishiwa kweli. Natoka damu, naogopa, na nasubiri mkubwa aje kuniambia mwilini mwangu kuna nini.