Pesa ya Mikono ya Neema

Siku ya ine, 10/7

Neema anaolewa! Ng'ombe sita! Naandika mbele hata ya kunawa udongo wa shamba. Neema wangu, fundi wa pikipiki na malori hapa Nyabiondo, mwanamuke pekee kwenye barabara hii mwenye anafungua moteri na kuirudisha, bulon ya kukazia isibaki hata moja. Innocent, kijana wa kupeleka maziwa Masisi na pikipiki, alimupenda juu ya cheni yenye ilikuwa inakatika kila juma. Cheni gani inakatika kila juma? Alikuwa anaikata mwenyewe, mujinga yule. Namupenda.

Walimucheka mutoto wangu. Suruali, harufu ya mafuta. Leo madereva wa Walikale wanashuka kwenye lori na kumungoja kwenye mvua. Wacheke sasa.

Siku ya yenga, 13/7

Kitenge kipya kanisani. Neema njo alikinunua. Kisha ibada nilisimama mulangoni nikasema, sauti ya kutosha: moteri moja Neema akiifungua, analipwa kupita mwalimu mu mwezi muzima. Na mwenye hana franga analeta maharagi ao fromaji nzima ya maziwa. Mama Esta alipindisha mudomo. Mwanaye iko na diplome kubwa, anakaa nyumbani akiilinda isiliwe na panya.

Nilikula viazi vizuri sana leo.

Siku ya pili, 15/7

Hasira.

Papa Rubona, baba ya Innocent, alituma neno kwa kaka yangu Bosco. Bosco njo anasema kwa ajili yetu, tangu bwana yangu alikufa. Ng'ombe sita atatoa. Lakini kisha ndoa, kila franga ya garaje iende mukononi mwake yeye, mpaka Neema afe. Maneno yangu ya mulango wa kanisa yalimufikia. Mzee mwenye masikio kama sungura.

Na Bosco alikubali! Walimupa bido, dumu nzima ya kasiksi, ile pombe ya ndizi ya kufunga mazungumuzo. Kwetu, ukikunywa kasiksi ya mwenzako, umekubali neno lake. Akakunywa. Ukoo muzima wa baba yetu, na musemaji ni tumbo.

Siku ya tatu, 16/7

Nilimwambia Neema. Hakulia. Alisema tu: "Papa Rubona akuje alale yeye mwenyewe chini ya lori." Akaenda kazini.

Nazitaka ng'ombe zile. Naandika bila haya. Sita, kwenye uwanja wangu. Na Neema anamutaka Innocent, chakula hakimupiti kooni. Nikikataa, navunja ndoa ya mutoto. Nikinyamaza, atalipwa maisha yake yote na asishike kitu, juu ya mzee mwenye hajui kutofautisha buji ya moteri na kisigino chake.

Siku ya tano, 18/7

Bido ikirudishwa imejaa, neno limekataliwa. Bosco alikuwa amekwisha kukunywa nusu. Nusu! Nikaongeza kasiksi yangu mpaka mudomoni, nikaibeba mugongoni, nikapanda kilima.

Papa Rubona alikuwa kati ya ng'ombe. Kofia, fimbo, kiburi.

"Mama Neema, wanaume wa kwenu walikufa wote?"

"Moja iko hai, Papa. Lakini amelewa pombe yako."

Vijana wa maziwa walicheka mpaka wakamwaga. Nikamwambia: ng'ombe ni za kuoa mutoto. Kazi ya mikono yake haimo. Akitaka fundi wa kumulisha, azae wake. Nikaweka bido chini.

Na mzee yule, kwa uchoyo, akajaza kikombe, akakunywa! Eti hii haiko kasiksi yake, yake haina utamu hivi. Akajaza tena.

Innocent alinisindikiza mpaka mutoni akisukuma pikipiki. Uso chini. Alisema atamusumbua baba yake mpaka asikilizwe. Nilimuhurumia. Miguu inaniuma.

Siku ya kwanza, 21/7

Nilimwelezea Bosco ile ya kikombe. Akasimama. Akatafuta viatu. Akapanda kilima na wazee wawili wa hapa. Alimwambia Papa Rubona: ulisikia neno la dada yangu, kisha ukakunywa kasiksi yake. Basi umekubali neno lake. Wazee wakasema njo vile, ni kweli.

Papa Rubona alipiga fimbo chini, akapunguza ng'ombe moja kwa hasira. Zibaki tano. Franga za garaje ni za Neema.

Ng'ombe moja! Roho ndogo vile sijaona. Sikubishana. Abaki nayo, alale nayo.

Siku ya ine, 24/7

Mvua tangu asubui. Neema alirudi mapema. Akanawa na sabuni, kisha majivu, weusi wa kucha haukutoka. Nikamupaka siagi kidole kwa kidole. Alisinzia begani mwangu kama wakati alikuwa mudogo.

Viti vya kanisa tumepata. Kuni ziko kavu. Kesho kutwa, siku ya posho, 26/7, wote wanakuja kwenye ndoa.