Kompyuta Nayo Imekaa Eda

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Siku ya sitini na tano ya eda. Leo nimeiwasha kompyuta ya marehemu.

Nimebonyeza kitufe, nikaketi, nikashika tasbihi. Mia ya kwanza – giza. Mia ya pili – kile kiduara kinazunguka. Nikasoma Yasini yote, nikaomba dua, nikajiitikia amina mwenyewe, ndipo ikatokea ile picha ya mkarafuu wa kwao Wete. Nikabonyeza mara moja tu. Ikaganda! Mkarafuu umesimama, na mie nimesimama nao. Feni inazunguka, pazia linapumua. Sikujua ni saa ngapi mpaka nikasikia adhuhuri.

Nawaf, Mungu amrehemu, aliishi nayo hivyohivyo. Anaiwasha, anakwenda kuoga, anavaa, anakunywa chai – bado. Nikimcheka. Sasa zamu yangu.

Sababu naiandika hapa, maana hapa hapasomwi na mtu. Siku tatu kabla hajafa alinishika mkono akaniambia: barua ya Taimur imo kwenye kompyuta, akija msomee. Taimur ni mdogo wake, yuko Pemba. Miaka tisa hawakuwa na salamu. Mama yao alipofariki Wete, Taimur alikuwa Unguja, boti ikachelewa. Watu wakasema angojwe. Nawaf akasema maiti haicheleweshwi. Taimur anaingia uwani, wenzake wanakung'uta mchanga mikononi. Tangu siku hiyo kaka yake akimtolea salamu yeye anatazama ukuta. Na hata mazikoni kwa Nawaf hakuja.

Sasa wifi yangu Tuhfa, dada yao, ananiambia Taimur atapita hapa Tanga Jumapili. Jumatatu anaondoka, anahamia Maskati kwa mwanawe, moja kwa moja. Na hii mashine haitaki kufunguka.

Ya Rabbi, nina siku sita.

Jumanne, 8 Oktoba 2024

Fundi Nehemia amekuja kutoka Muheza. Mtu mzima, ameijua kompyuta hii tangu mpya. Lakini iko chumbani nilimokalia eda, na humu haingii mwanamume asiye maharimu yangu. Nikasema basi itolewe ukumbini. Nehemia mwenyewe kakataa: disiki yake imezeeka, ikitikiswa tu, kwaheri. Basi amekaa barazani chini ya dirisha, pazia limeshushwa, Tuhfa yuko nami. Yeye anasema, mie nabonyeza.

– Bi Hamdiya, dawa yake moja hii. Tufute yote, tupige windo upya.

– Na vilivyomo?

– Vinakwenda.

– Basi na wewe nenda! – Tuhfa huyo.

Fundi akacheka mpaka akakohoa. Akasema haya, twende pole pole, tuguse seting'i tu.

– Bonyeza mausi upande wa kulia.

– Kulia kwangu au kwako?

– Bi, mausi unayo wewe!

Kumbe ndani mna programu kumi na saba zinazoamka pamoja kila mashine ikiwashwa. Hazijaitwa, hazina kazi, zinaamka tu. Nehemia anasema ni kama nyumba ya shughuli, watu kumi na saba jiko moja, kila mmoja anataka kubandika chungu chake. Nikawa namsomea jina herufi kwa herufi, yeye anasema zima, zima, hiyo zima. Tukafika kwenye moja.

– Hii ya adhana, fundi.

Nehemia ni Mkristo huyo.

– Hiyo mimi siisemi, bi.

Tuhfa alicheka hadi akakaa chini. Nimeiacha. Na iamke, ndiyo kazi yake.

Alhamisi, 10 Oktoba 2024

Jana umeme ulikatika mchana kutwa. Nikalala baada ya adhuhuri, nikaota. Nawaf kakaa kwenye kiti chake ananipa mgongo, anaandika. Vidole vinalia kama mvua ya kwanza juu ya bati. Nikamwambia, baba Najla, chai inapoa. Akasema ngoja kidogo, mama, neno moja tu. Nikangoja. Ndotoni sikuchoka kabisa kungoja, ningeweza kukaa vile mpaka kiyama. Nilipoamka mto umelowa, jasho au machozi, Mungu ajua.

Leo Nehemia karudi. Kanipeleka ndani zaidi ya seting'i, mlango ndani ya mlango, mpaka kwenye mistari minne. Akasema wa pili ni wa uzuri, wa tatu ni wa kasi. Wewe tia alama wa tatu.

– Ukitia itavua mapambo yote, usishtuke.

Nikatia. Loh! Vivuli vikaondoka. Madirisha yalikuwa yakifunguka kwa madaha, kama pazia la bi harusi, sasa yanatokea tu, pa! Herufi zimekonda. Ule utepe wa buluu wa chini umekuwa wa kijivu. Nikaitazama, nikajitazama. Mie nami bangili niliziweka sandukuni, wanja sigusi, udi siufukizi, kanga zangu ni hizi mbili zilizopauka. Nikamwambia Tuhfa, kompyuta nayo imekaa eda.

Tuhfa hakucheka. Alinishika bega.

Lakini imepungua uzito! Leo imeamka kabla sijamaliza mia ya kwanza.

Ijumaa, 11 Oktoba 2024

Alhamdulillahi.

Asubuhi tumefuta takataka, mafaili ya muda yaliyojilundika miaka yote, Nehemia anasema ni kama maganda ya mihogo nyuma ya jiko, hukuyaona lakini ndiyo yanayoziba njia. Kisha tukaenda kwenye mambo ya umeme. Ilikuwa imewekwa itembee kwa kujibana. Tukaiweka itembee kwa nguvu zake zote. Tukaizima, tukaiwasha.

Tasbihi thelathini na tatu tu! Sikuwahi hata kufika Alhamdulillahi.

Na nikafungua kwenye nyaraka zake, zikaja zote kwa mara moja. Hotuba za msikiti. Orodha ya watoto wa madrasa. Na moja imeandikwa TAIMUR.

Tuhfa kaniegemea kwa nyuma:

– Fungua basi tuone!

– Si yetu.

– Wee! Mkewe na dada yake, si yetu?

– Kaniambia nimsomee Taimur. Hakuniambia nisome kabla yake. Barua ya mtu ni amana, wifi.

– Na kama humo mna tusi?

– Nawaf?

– Nawaf nimezaliwa naye mie, wewe umeolewa naye tu.

Nilikasirika kidogo. Nikaizima mashine. Nehemia nje anauliza, bi, imeganda tena? Nikamwambia haijaganda, imekuwa nzuri, Mungu akulipe kheri. Tuhfa kampelekea kahawa na visheti, akaaga.

Mkono ulinituma mara mbili baada ya alasiri nikaifungue. Sikuutii.

Jumapili, 13 Oktoba 2024

Naandika huku yuko nje.

Amekuja baada ya alasiri. Nimesikia viatu, nikasikia Tuhfa analia mlangoni, wakakumbatiana. Kisha akaja kukaa barazani, palepale alipokaa Nehemia, chini ya dirisha. Shemeji si maharimu, pazia limekaa kati yetu. Sikumwona. Lakini anavyokohoa – Nawaf mtupu! Nilishika ukingo wa meza.

– Shemeji, pole. Mungu akupe subira. Nimechelewa.

– Umefika, shemeji. Ndilo la maana.

Nikasikia anavuta pumzi.

– Tuhfa ananiambia iko barua.

– Iko. Kasema nikusomee.

– Soma.

Nimebonyeza mara mbili kama nilivyofundishwa. Ikafunguka hapohapo, sikupata hata kusema bismillahi. Ukurasa mweupe. Juu kabisa mistari miwili. Nikateremsha chini kutafuta barua yenyewe. Weupe. Ukurasa mmoja tu. Nikapandisha, nikateremsha tena. Pembeni pameandikwa tarehe aliyoianza, na hiyo tarehe ni ya miaka minne nyuma. Tarehe aliyoifungua mara ya mwisho ni wiki aliyofariki. Miaka minne! Kumbe kila alipooga, kila alipokunywa ile chai, alikuwa akingoja kuandika hii.

Nikasoma mstari wa kwanza:

– Kwa ndugu yangu Taimur. Assalamu alaykum.

Nilidhani anatazama ukuta. Kisha nikamsikia, polepole, neno kwa neno, mpaka mwisho wake kama inavyotakiwa:

– Wa alaykumu ssalaam, kaka, wa rahmatullahi wa barakatuh.

Tuhfa jikoni kaangusha kitu.

– Endelea, shemeji.

Mstari wa pili unasema: Siku ile ya mama, mimi

Basi. Hakuna nukta. Kimstari kinawaka, kinazima, mbele ya hilo neno.

Ningeweza kumalizia. Namjua Nawaf, najua alivyojuta, najua alivyokuwa akiamka kabla ya alfajiri akasema, ningemngoja, Hamdiya, saa moja tu. Maneno ninayo kinywani. Lakini hakuyaandika yeye. Na mimi nimo edani, nimshuhudie marehemu kwa nisichokiona hapa? Na nikimwambia Taimur kwamba ni hii tu – salamu na nusu ya mstari, kwa miaka tisa – si atasimama aende zake?

– Shemeji? Vipi?

Nimemwambia mashine bado inafunguka. Astaghfirullah. Iko wazi yote mbele yangu, nyepesi kama unyoya, inaniitika kabla sijaigusa. Nimechukua kalamu ili mkono upate kazi.

– Zamani ilikuwa nzito sana hiyo – anasema huko nje, kama anajisemea. – Bado nzito tu?

– Nzito, shemeji.

Nasikia anavua viatu. Anapandisha miguu barazani.

– Haina neno. Nitangoja.