Mkanda wa Bi Mkubwa

Jumatatu, 3 Juni

Baba mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama anakusalimu kwa mikono iliyojaa unga, na kama bado unakohoa vumbi la huko mnakojenga barabara, anasema uache kujitia shujaa, ufunge kitambaa puani.

Sasa kaa vizuri. Mama amepata shule! Ile ya bweni, juu kilimani, inataka mikate yake kila asubuhi kuanzia Jumatatu ya tarehe 17. Tulirukaruka jikoni hadi sufuria zikaanguka. Lakini leo nimefungua kifuniko cha mbele cha injini ya pikapu, nikakuta mkanda wa taimingi, ule wa mpira wenye meno, umepasukapasuka. Ukikatika njiani, pistoni zitagonga valvu, injini kwisha habari yake, na shule itatafuta mwokaji mwingine. Fundi wa mtaani amesafiri. Baba, niruhusu niubadilishe mwenyewe, hapa hapa uani. Nimekushikia tochi tangu utotoni. Safari hii nipe spana!

Namsubiri dereva wa lori la kambini, huyu anayekuletea barua hii, alete jibu, maana simu yako huko kambini ni ya kuangalizia saa tu.

Binti yako

---

Ijumaa, 7 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Kikohozi kimepungua, mwambie mama yako kitambaa nimefunga. Hongereni sana! Nimewasomea wenzangu barua yako wakati wa chai, wote wakapiga makofi.

Haya, fanya. Toa betri kwanza. Zungusha injini kwa spana hadi zile alama zangu za rangi nyeupe kwenye magurudumu ya meno, yaani puli ya juu na ya chini, zilingane na mistari iliyo kwenye injini, ndipo utoe mkanda. Ukishatoka, puli zisiguswe na mtu yeyote. Ukifunga mpya, zungusha tena kwa mkono, taratibu. Ikigoma, simama, usilazimishe.

Mikate upeleke wewe. Ila nikirudi, usukani ni wangu. Unajua sijawahi kukaa kiti cha abiria kwenye gari langu, na sianzi uzeeni.

Baba yako

---

Jumatano, 12 Juni

Baba,

Shikamoo, na naomba uwe mzima kweli, maana habari hizi zinataka mtu mzima.

Mkanda umetoka! Bolti zote zilinitii isipokuwa moja, nayo nikaning'inia kwenye spana kwa uzito wangu wote hadi ikalia. Nikaingia ndani kunawa, nikijisifu peke yangu. Kurudi, namkuta mama na ndoo ya sabuni na brashi ya viatu, meno yote nje. "Nimemwogesha mke mwenzangu," ananiambia. "Tutapelekaje mikate ya watu na uchafu ule?"

Unamjua mama. Ndiye aliyewahi kukufulia pochi na vyote vilivyokuwemo. Kwa kuwa uliipata pikapu hii kabla ya kumwoa yeye, anaiita Bi Mkubwa, na hajawahi kuiacha na tope. Alama zako zimekwenda na maji, na puli ya juu imeruka wakati anaisugua. Nilikaa chini. Alipoelewa alichofanya, naye akakaa, akalia.

Lakini sikiliza! Chuma kilipong'aa, imeonekana nukta iliyogongwa kwenye puli hiyo ya juu tangu kiwandani. Masizi yalikuwa yameifunika. Na chembe ya rangi yako imebaki katikati ya meno, ila haiko kwenye nukta. Vimepishana jino moja. Nifuate kipi? Nikikosea tumeua injini, na Jumatatu ndiyo hiyo inakuja. Nijibu mbio!

Binti yako

---

Ijumaa, 14 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila presha umenipandisha.

Swali gani hili? Fuata rangi! Mimi na gari hilo tumeanza kujuana kabla hujazaliwa. Najua kwenye kilima linahema, lakini hilo ni jambo la uzee, na mikate ya mama yako mizito. Usinichezee na nukta.

Mwambie aache kulia. Pochi nilimsamehe, na hili pia.

Baba yako

---

Jumatano, 19 Juni

Baba yangu,

Shikamoo! Sisi wazima kupita kiasi.

Barua yako imefika jana. Lori lilikwama matopeni. Jumapili tuliisubiri barabarani hadi tukachoka. Mama akaniambia, "Mimi nimeharibu, lakini fundi ni wewe. Amua." Nikapiga moyo konde, nikafuata nukta.

Nilizungusha injini kwa spana, jasho likinitoka, nikisikiliza kama kuna kinachogonga. Kimya. Nikazungusha tena. Kimya! Mama akashika ufunguo, akafumba macho, akawasha. Baba, iliitika mara moja, sauti laini ambayo sijawahi kuisikia kwenye gari letu. Tulikumbatiana na grisi zetu, na gauni lake jeupe halitamaniki tena. Hakulalamika hata kidogo.

Jumatatu tukapakia mikate hadi turubai likagoma kufunga. Unakumbuka tulivyokuwa tunashuka kusukuma kwenye kilima kile? Bi Mkubwa amekipanda kwa gia ya tatu! Mama alikuwa anapiga kelele, "Polepole, mikate yangu!" huku anacheka. Shule wamepokea, na wameomba tuongeze.

Baba, mikate haikuwa mizito.

Binti yako

---

Jumatatu, 24 Juni

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Kikohozi kimekwisha, nadhani kwa kucheka.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama. Gia ya tatu! Kumbe miaka yote hii nimekuwa nikiisingizia mikate ya watu, na mkanda uliopishana jino moja niliufunga mimi. Usimwombe mama yako radhi kwa niaba yangu. Nitamwomba mwenyewe, uso kwa uso, na gauni jipya nitakuja nalo.

Nimepewa likizo. Jumamosi mchana nitakuwa kituo cha mabasi. Njooni wote wawili na Bi Mkubwa, na tusipite njia ya mkato. Tupite kilimani. Usiniachie usukani hata nikiuomba, maana najijua, nitauomba.

Baba yako, abiria