Mashine ya Mtu Mmoja

Songea, 9 Agosti

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na upepo huu wa Ihanja? Usingizi unaupata? Mimi mwili ni mzima. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nikisikia sauti yako nanyamaza, nawe unadhani mtandao umekatika.

Tangu nirudi kutoka msibani sijakaa sawa. Siku mbili njiani, nikafika na kukuta kaburi la baba limeshafukiwa na watu wanakunja maturubai. Simlaumu mtu, maiti haingoji basi. Lakini bado naamka nikidhani kuna basi la kuwahi.

Sasa habari ya mashine ya kufungia vizibo. Ulisema ile ya baba imevunjika mpini, nikutafutie nyingine kama ile, ila imara, maana asali imeshatoka kwenye mizinga na wakati wa kupika pombe ya wanzuki umefika. Baba mdogo naye akanipigia: "Mkatie mama yako tiketi aje huko. Mashine ya nini? Mjane atampikia nani wanzuki?" Nami, Mama, nilikubaliana naye. Chumba nimeshapaka chokaa, kitanda kipo. Nilikwenda dukani ili niweze kukuambia nimetafuta nikakosa.

Nilibeba chupa mbili za bia nilizojaza maji, na vizibo kwenye mkoba, nipate kasoro ya kukutajia. Muuzaji akanipa ya mipini miwili, kama ya baba. Nikaweka chupa sakafuni, nikakandamiza. Chupa ikateleza, kizibo kikakaa upande. Nikarudia, ikaanguka, maji yakamwagika.

Muuzaji akacheka. "Dada, hii inataka watu wawili. Mwite mzee wako nyumbani akushikie."

Hakujua. Nikawaona ninyi wawili pale kizingitini, wewe umeshika shingo ya chupa kwa kanga, baba akikandamiza na kukutania, "Ishike, Mama Eliza, isije ikakimbilia kwa jirani." Miaka yote nilidhani unamsaidia tu. Kumbe bila wewe asingefunga hata moja.

Nikaomba nijaribu ile nyingine, ya kusimama mezani. Ni chuma kitupu, nzito kama jiwe la kusagia. Nilikagua springi na mahali palipochomelewa, nikautikisa mpini, haukucheza. Nikaweka chupa iliyobaki, nikashusha mpini kwa mkono mmoja. Kizibo kikakaa. Nikaipindua chupa, halikutoka hata tone. Nikasimama pale nikilia mbele za watu, kwa sababu niliona hii ni mashine ya mtu aliyebaki peke yake, na ndiyo inayokufaa.

Nimeinunua, naituma kwa basi pamoja na barua hii. Waifunge kwa bolti kwenye meza ya jikoni, isitembee. Na usifunge chupa kabla povu halijatulia, zitapasuka.

Baba mdogo nitamwambia mwenyewe kwamba huji. Kile chumba nitaweka mahindi. Sitakuficha, Mama, nimekasirika kidogo kwamba umechagua kubaki, na nikikuwaza katika nyumba ile bila mtu wa kukujibu, moyo unauma. Lakini sitakuomba tena uhame.

Nisalimie shangazi anayekuchotea maji, na fundi aliyechonga msalaba wa baba; sikupata kumshukuru.

Ukifunga chupa ya kwanza, unikumbuke.

Mwanao,
Eliza