Kumbe Si Masikio ya Baba

Mji wa Kale,
Mombasa.
16 Septemba 2024

Mpendwa kaka Barnabas,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko Doha? Joto limepungua? Na kile kikohozi je? Sisi tu wazima. Goti la mama linamsumbua kidogo ngazini, lakini sokoni Marikiti anafika na kurudi kwa miguu yake.

Kaka, nina habari njema!

Baba alinikataza nisikwambie, lakini tangu Pasaka alijitoa kwenye kwaya. Alisema masikio yamezeeka. Ile kanda waliyorekodi na wenzake enzi za kazi ya bandarini Kilindini, ambamo yeye ndiye aliyeimba besi, ile sauti nzito ya chini, alikuwa hajisikii tena. "Wenzangu nawasikia," aliniambia, "mimi simo." Hospitali akakataa katakata. Redio akaifunika kitambaa, akawa mtu wa kukaa dirishani tu.

Jumamosi mama alitaka ukuta upakwe chokaa, ikabidi niisogeze ile redio. Nyuma ya spika nikaona kitu. Kulia, waya wenye mstari mwekundu umeingia penye alama nyekundu. Kushoto, umeingia penye nyeusi! Lazima ulichomekwa vibaya redio ilipofutwa vumbi kabla ya Pasaka. Spika moja ikisukuma hewa, nyingine inaivuta, na sauti nzito zinamezana zenyewe. Nikaugeuza, nikaweka kanda ya baba. Kaka, besi ilijaa chumba kizima!

Hapo nikapata wazimu. Spika nikazishusha kutoka kwenye kabati la bati lililokuwa likitetema nazo, nikaziweka juu ya matofali, na vipande vya ndara kuukuu katikati. Nikazitoa konani, zikaelekea kiti cha baba, usawa wa masikio yake. Unajua vyumba hivi vya mawe vinavyorudisha sauti. Mama Shukri, jirani wa chini, akatuazima zulia zito, nami nikaongeza pazia. Kile kichwa kinachosoma kanda nikakipangusa kwa pamba na spiriti. Hakuna nilichonunua ila spiriti.

Baba aliporudi kutoka kivukoni Feri, alikotumwa na mama, nikamwambia aketi.

"Truphosa, niache."

Nikabonyeza tu. Ubeti wa pili ulipoingia, akashika mikono ya kiti, akasimama wima.

"Huyo ni mimi!"

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Baba Barnabas, kumbe si masikio?"

"Si masikio! Redio ndiyo kiziwi!"

Akaanza kuimba pamoja na sauti yake ya ujana, machozi yanamtoka, na mama akacheka mpaka akaketi sakafuni.

Jana alirudi kwenye kwaya kanisani. Mwalimu wao, Bwana Kingi, alimsogezea nafasi mstari wa nyuma, wakaanza. Nilikuwa benchi la tatu, nikamsikia vizuri kabisa.

Krismasi kuna wimbo mpya, na baba ndiye atakayeuanzisha. Omba ruhusa mapema, kaka. Amesema hataki kurekodiwa. Uje umsikie mwenyewe.

Nisalimie wifi yangu Emmah, na mwanao Ronny umbusu mashavu yote mawili. Mama na Mama Shukri wanakusalimu. Mungu akukinge kazini na barabarani, akulete kwetu ukiwa na afya.

Dada yako akupendaye kwa moyo wote,
Truphosa